Gari Moja, Kazi Mbili: Hotuba Kuhusu Kugeuza HiAce Kuwa Gari la Kambi

Hii ni hotuba niliyoitoa mjini Arusha mbele ya mafundi, madereva wa utalii na familia zinazopenda safari za nje. Ninaiweka hapa yote, bila michoro niliyoonyesha ukutani, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mafundi wenzangu, ndugu zetu wa Kenya mliovuka mpaka wa Namanga alfajiri ili muwe nasi, mabibi na mabwana, nawasalimu wote.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kugeuza gari la abiria au la mizigo liwe gari la kambi, yaani gari ambalo familia inaweza kulala, kupika na kuishi humo kwa siku kadhaa porini, ziwani au milimani. Naomba nitangaze msimamo wangu mapema, ili anayepingana nami aanze kuandaa maswali yake. Kwa hali yetu hapa, gari la kambi linalofaa ni lile ambalo Jumatatu asubuhi linaweza kurudi kazini. Narudia: Jumatatu asubuhi lirudi kazini.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu HiAce, basi dogo la Toyota, kwa familia nyingi zilizomo humu ndani ni mtaji. Ndiyo inayolipa ada ya shule, ndiyo inayobeba wagonjwa kijijini usiku, ndiyo inayopeleka bidhaa sokoni na waombolezaji msibani. Ni nani kati yetu mwenye HiAce inayoweza kukaa uani mwaka mzima ikisubiri likizo ya Desemba? Mtu akija gerejini akataka tumfungie kitanda cha kudumu, makabati ya kudumu na sinki la kudumu, huwa namuuliza kwanza gari hilo linafanya kazi gani kati ya safari moja na nyingine. Mara nyingi jibu lake ndilo linaloamua ramani yote ya ujenzi.

Wazo hili ni la zamani. Kiwanda cha Volkswagen kilianza kutengeneza basi lake dogo mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia, huko huko Ujerumani, ikatoa fanicha iliyoitwa Camping Box. Lilikuwa sanduku la mbao lenye sehemu ya kulala na ya kuwekea vyombo, ambalo mwenye gari aliliingiza mwisho wa wiki na kulitoa safari ilipokwisha, ili gari liendelee na shughuli zake. Ujerumani ya wakati ule ilikuwa ndiyo kwanza inainuka baada ya vita, na gari lilikuwa mali ya kutafutia riziki. Yale makabati ya kudumu tunayoyaona leo kwenye picha za Ulaya yalikuja kushamiri baadaye. Sisi tuna kila sababu ya kuanzia pale walipoanzia wao.

Nitawapa mfano. Yupo mfanyabiashara anayebeba vitunguu kutoka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kuvileta hapa mjini. Alitaka kuwatembeza watoto wake, lakini hakuweza kupoteza hata gunia moja la nafasi siku za kazi. Tulimjengea sanduku la vipande vitatu, kila kipande kikiwa na fremu ya bomba la mraba la inchi moja na kufunikwa kwa plaiwudi ya milimita 12, na kila kimoja kikiwa chepesi kiasi cha kubebwa na watu wawili. Vikiunganishwa vinakuwa kitanda, na chini yake kuna nafasi ya vyombo, maji na nguo. Sehemu iliyohitaji akili zaidi ilikuwa sakafuni. Tulipoinua kapeti tulikuta matundu ya bolti za viti vya abiria yamejaa vumbi lililoganda na maganda ya vitunguu, na kijana wetu akakaa chini na brashi ya waya na mafuta kidogo, akasafisha nyuzi za tundu moja baada ya jingine mpaka bolti ikaingia kwa vidole bila kulazimishwa. Hatukutoboa tundu hata moja jipya.

Mafundi wenzangu, hapo naomba mnisikilize kwa makini. Matundu yale yalitengenezwa kiwandani ili yashike viti vyenye watu wakati wa ajali. Hakuna skrubu ya mbao utakayoikaza kwenye bati la sakafu ikakupa nguvu ile. Gari likifunga breki ghafla likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila kitu kilicho nyuma ya dereva kitaendelea na safari yake: kitanda, dumu la maji, mtungi wa gesi. Kifunge mahali palipojengwa kwa kufungia. Na kama huna budi kutoboa, basi lala kwanza chini ya gari na tochi, uone tangi la mafuta liko wapi, mabomba ya breki yamepita wapi na nyaya zimepita wapi.

Kabla ya kukata ubao wowote, pima. HiAce tuliyoizoea, ile ya bodi nyembamba ya kizazi kilichoanza mwaka 2004, ina upana wa nje wa mita 1.695. Ukitoa unene wa kuta, mtu mzima wa kimo cha kawaida hawezi kujinyoosha kwa upana, kwa hiyo kitanda kitakwenda kwa urefu wa gari, na uamuzi huo mmoja unabeba mingine yote. Yupo mwalimu mmoja wa Moshi, mama makini sana, ambaye kabla ya kutuletea gari lake alichora kitanda kwa chaki kwenye sakafu, akapanga maboksi ya kartoni mahali pa makabati, kisha akalala humo na binti yake uani kwake. Asubuhi yake alifuta nusu ya mchoro. Aligundua kwamba mlango wa pembeni, ambao ndio mlango halisi wa kuingilia, ulikuwa umezibwa na boksi la jikoni, na kwamba mtoto akiamka usiku ni lazima amkanyage mama. Kartoni zile hazikumgharimu chochote, nasi tukajenga jambo ambalo tayari lilikuwa limekwisha kujaribiwa. Nawasihi wote mfanye kama yeye. Laleni ndani ya gari tupu kabla ya kumlipa fundi. Wenye Noah pia inawahusu. Nafasi ni ndogo zaidi, na chaki itawaambia ukweli haraka zaidi.

Sasa nije kwenye uzito, jambo ambalo watu wengi hulipuuza kwa sababu halionekani kwenye picha. Ubao mmoja wa plaiwudi wa futi 4 kwa 8, wenye unene wa milimita 18, unafikia kilo 30 hivi, na ule wa milimita 12 unakaribia kilo 20. Ukitumia mbao tano, tofauti hiyo peke yake ni uzito wa mtoto mkubwa. Madumu matatu ya lita 20 yakijaa maji ni kilo 60. Weka friji, betri, mtungi, godoro, vyakula, tairi la pili la akiba, halafu waweke watu wenyewe, na utaona jinsi tani moja, ambayo ndiyo kadirio la kawaida la mzigo wa HiAce, inavyokwisha kabla hujaongeza makabati unayoyataka. Je, umewahi kulipima gari lako likiwa limesheheni kwa safari? Wenye maghala ya mazao wana mizani. Nenda ukapime ekseli ya mbele, kisha ya nyuma, usibaki kukisia.

Barabara zetu nazo hazina huruma na ujenzi mzito. Nani hapa amepita njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, kule Ziwa Natron chini ya Ol Doinyo Lengai? Naona mikono mingi. Basi mnayajua yale mawimbi ya barabara ya vumbi, yanayotetemesha gari kwa saa kadhaa mfululizo. Kijana mmoja aliyejengewa makabati mazuri ya mninga, yaliyofungwa kwa skrubu na gundi pekee, alifika Engaresero akiwa na milango miwili mikononi na sahani zake zote sakafuni. Mbao hazikuwa na kosa lolote. Skrubu kwenye mbao inayotetemeka hujilegeza yenyewe kidogo kidogo, kama jino la mtoto. Tangu hapo viungo vyote vinavyobeba uzito tunavifunga kwa bolti na nati zenye plastiki ndani, zile zisizolegea kwa mtetemo, na kila droo inapewa kufuli la kubana ambalo mtu anaweza kulifungua hata akiwa amevaa glavu. Vitu vizito vinakaa chini na kati ya ekseli mbili, upande wa kushoto na wa kulia vikilingana. Juu ya paa tunaweka vyepesi tu, na kama mnaniuliza maoni yangu, hivyo vyepesi navyo vipunguzwe.

Jambo dogo kuhusu vumbi, kwa sababu najua litaulizwa. Gari likitembea, hewa nyuma yake huwa na msukumo mdogo, kwa hiyo vumbi huvutwa ndani kupitia mlango wa nyuma. Badilisheni mpira wa mlango huo ukichakaa, fungeni madirisha ya nyuma, kisha washeni feni ya dashibodi iingize hewa ya nje kwa mbele. Hewa ikisukuma kutoka ndani kwenda nje, vumbi linabaki barabarani.

Ndugu zangu, nimefika kwenye sehemu ambayo ningekuwa na dakika tano tu, ningeizungumzia hii peke yake. Ni hewa na moto.

Safari moja tu ya nyumbani kwetu inaweza kukutoa Natron, penye mwinuko wa mita 600 hivi, ikakupandisha hadi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo jana ulilala bila shuka na leo meno yanagongana. Familia moja ninayoifahamu ilifika huko juu jioni, ikapika kwa jiko la mkaa nje ya gari, ikala vizuri. Moshi ulipokwisha na makaa yakabaki mekundu, baba alilibeba jiko akaliweka ndani, karibu na mlango, akafunga vioo vyote ili watoto wapate joto. Usiku wa manane mtoto mdogo akaomba kutoka nje kwa haja. Baba aliponyanyuka, miguu ikakataa. Kichwa kilikuwa kinampasuka. Alichoweza ni kuvuta komeo la mlango wa pembeni na kuanguka nje. Wote walipona, na ninamshukuru Mungu kila ninapolisimulia jambo hili, kwa sababu wangeweza kukutwa asubuhi wamelala usingizi usio na mwisho.

Makaa yasiyo na moshi ndiyo yaliyo hatari, kwa kuwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukamata nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu hupatwa na usingizi, kichwa kikauma, akadhani ni uchovu wa safari. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari. Likiwa na moshi, lisiingie. Likiwa halina moshi, lisiingie. Mlango ukiwa wazi kidogo, lisiingie. Baridi inatibiwa kwa blanketi zito, godoro nene na chupa ya maji ya moto miguuni. Na kipo kifaa kidogo cha betri kinachopiga kelele hewa hiyo ikizidi. Kinunueni kabla ya kununua friji.

Gesi ya kupikia ina tabia yake nyingine. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hujaa sakafuni na kusubiri cheche. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unakaa katika kisanduku chake kilichozibwa kuelekea ndani ya gari, chenye tundu chini linalotoa gesi nje, mbali na bomba la moshi. Hata hivyo, mimi napendelea jiko litolewe kabisa. Mlango wa nyuma wa HiAce hufunguka kwenda juu na kuwa paa. Tengenezeni droo ndefu inayovutwa kwenda nyuma, jiko likae juu yake, mpishi asimame wima chini ya mlango, mvua isimfikie na mvuke wa ugali uende zake angani. Mama yule wa Moshi anapika hivyo mpaka leo, na ukikaribia kambi yake unasikia harufu ya vitunguu kabla hujaliona gari. Baada ya kula, kila chakula na kila sufuria vinarudi ndani, kwa sababu kambi nyingi za hifadhini hazina uzio na fisi hupita usiku kukagua.

Na usiku watu wanapumua. Ukifunga kila kitu, asubuhi maji yanatiririka kwenye bati na godoro linaanza kuota ukungu kwa chini. Panahitajika njia mbili za hewa, moja chini na moja juu, zote zikiwa na neti nzuri. Sisi tunakata neti kwa umbo la dirisha na kuishonea sumaku ndogo pembeni, nayo inajishika yenyewe kwenye bati. Mto wa Mbu haukupewa jina lake bure, na malaria haichukui likizo.

Umeme nitauzungumzia kwa hesabu. Chukueni friji ndogo ya volti 12 inayokula wati 45 na kufanya kazi nusu ya siku katika joto, yaani saa 12: wati ukizizidisha kwa saa unapata wati-saa 540. Feni ya wati 20 kwa saa nane ni 160. Taa na simu za familia, tuseme 110. Jumla ni wati-saa 810 kwa siku. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 ina takriban wati-saa 1,280 na unaweza kutumia sehemu kubwa ya hizo, lakini betri ya asidi ya ukubwa ule ule haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inakupa kama 600 tu. Paneli ya wati 200, kwenye siku ya jua kali, huleta kama wati-saa 700 baada ya hasara zote, na kinachopungua kinajazwa na alteneta, jenereta inayozungushwa na injini, gari likitembea, kupitia chaja maalumu inayokaa kati ya betri ya injini na hii ya kambi. Betri ya kuwashia injini iachwe kabisa na kazi yake ya kuwashia injini.

Hapa tumebarikiwa kwa jambo moja ambalo wenzetu wa Ulaya hawana. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo paneli iliyolazwa juu ya paa hupoteza kidogo sana. Huhitaji vyuma vya kuiinamisha. Iacheni nafasi ya vidole viwili kati yake na bati ili upepo upite, kwa sababu paneli ikipata joto sana hupunguza nguvu.

Lakini kuna kitu kinachoitwa birika la umeme. Kijana mmoja alinunua inveta kubwa, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, akaiunga kwa waya wa kawaida wa taa, akachomeka birika la wati 1,500. Je, mnajua hiyo ni ampea ngapi katika volti 12? Ni ampea 125. Waya ule ulilainika kama mshumaa kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, na aliyeliokoa gari ni mkewe, aliyenusa plastiki na kuuchomoa waya kwenye betri kwa kitambaa. Hakukuwa na fyuzi. Fyuzi inawekwa kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote unaofuata. Ukiiweka mwishoni mwa waya, urefu wote wa kabla yake hauna mlinzi. Maji ya chai yachemshwe kwa gesi.

Ndugu zetu kutoka Kenya wameniuliza kuhusu paa linaloinuka. Wao ni walimu wetu katika hilo, kwani gereji za Nairobi zimekuwa zikikata paa za magari ya utalii kwa miaka mingi ili wageni wasimame na kutazama wanyama. Ufundi upo. Ninachosisitiza ni kwamba mbavu za paa hubeba nguvu ya bodi nzima, hivyo anayezikata ni lazima arudishe fremu ya chuma kuzunguka tundu lote, na gari likipinduka ndipo utakapojua kama alifanya hivyo. Kwa familia inayosafiri mara chache, turubai la pembeni linatosha; mtu anasimama nje, analala ndani.

Kuhusu karatasi, nitasema kwa kifupi. Kadi ya gari inataja aina ya bodi na idadi ya viti. Ukibadilisha kwa kudumu, taarifa hiyo ibadilishwe, hapa kwetu kwa mamlaka ya mapato, TRA, na kwa wenzetu wa Kenya kwa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, na kampuni yako ya bima iambiwe kwa maandishi. Sanduku linalotolewa linakupunguzia usumbufu huo, ingawa bado napendekeza uwaulize bima kabla ya safari ya kwanza. Na asikae mtu yeyote juu ya kitanda gari likiwa katika mwendo. Kila msafiri awe na kiti na mkanda wake, hata kama safari ni ya kwenda kisimani tu.

Ndugu mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Gari la vitunguu liko hapo nje, mwenyewe ametukubalia, na vijana watalitoa sanduku na kulirudisha mbele yenu. Njooni na futi zenu na kalamu. Vipimo vya kila kipande tumeviandika kwa chaki juu ya mbao ili kila fundi anakili anachotaka. Maswali ya umeme tuyaanze huko huko, kisanduku cha fyuzi kikiwa wazi. Asanteni sana kwa kunisikiliza.